Anaumwa au ameumwa? Mzazi, mtoto na mazombi wa Nairobi

Stima zilipotea Jumamosi jioni tukiwa katikati ya filamu ya mazombi. Baba mmoja alikuwa amemfungia binti yake chumba cha nyuma, alama ya meno ameiona mkononi mwa mtoto, na majirani wanagonga. Giza likaingia hapo hapo. Mpwa wangu wa miaka tisa akauliza: "Shangazi, mimi nikiumwa utawafungulia?"

Nikamwambia siwafungulii ng'o. Dada yake, ambaye wanalala kitanda kimoja, akadakia gizani: "Na mimi je?"

Sijapata jibu la swali hilo la pili, ndiyo maana naandika.

Filamu hizi nyingi huwapa mzazi na mtoto nyumba ya shambani, jirani wa karibu yuko ng'ambo ya mahindi. Mzazi akikataa kumtoa mtoto, tunamshangilia, kwa sababu anayehatarishwa ni yeye mwenyewe. Sisi tunakaa Pipeline, Embakasi. Orofa saba, korido nyembamba ya kupitana ubavu kwa ubavu, choo kimoja kwa vyumba sita, na anayekaanga vitunguu kwenye chumba cha kwanza anamtoa mate aliye chumba cha mwisho. Nenda Mathare, ambako sensa ya 2019 ilihesabu watu zaidi ya 68,000 kwa kila kilomita ya mraba, ukuta wa nyumba yako ndio ukuta wa nyumba ya mwenzako, tena wa mabati. Mtoto akianza kukwaruza ule ukuta usiku, si siri yako tena.

Lugha yetu yenyewe inatuchanganya. Kuumwa ni kung'atwa, na kuumwa ni kuwa mgonjwa. Mzazi anatazama kitandani anasema mtoto anaumwa. Jirani anachungulia dirishani anasema mtoto ameumwa. Wote wamesema kweli, lakini mmoja atatafuta dawa na mwingine panga.

Sidhani hii ni tofauti ya moyo mwema na moyo mbaya. Ni hadithi mbili zinazogongana. Zombi wa sinema, yule tunayemjua tangu filamu za Marekani za mwishoni mwa miaka ya 1960, ni mtu aliyekwisha. Kilichobaki ni kiwiliwili chenye njaa, na dawa yake ni risasi ya kichwa. Lakini Waswahili wana msukule. Kwenye masimulizi, hasa ya upande wa Tanzania, msukule ni ndugu yako aliyechukuliwa: mmemzika, kumbe yuko mahali analimishwa usiku, hana ulimi wa kusema jina lake. Hakuna anayesimulia habari za msukule akataka auawe. Familia huuza hata ng'ombe ili arudishwe. Mzazi anayefunga mlango anaishi ndani ya hadithi ya msukule: mwanangu yumo humo ndani, nipe muda. Jirani anaishi ndani ya sinema.

Na mzazi ana sababu za kutotuamini, tena si za kutunga. Jiji hili limewahi kuwa na watoto walioogopwa hivyo. Mwaka 1992 padri Angelo D'Agostino alifungua makao ya Nyumbani, Karen, kwa ajili ya watoto wenye virusi vya Ukimwi waliokuwa wakitelekezwa. Miaka kumi na zaidi baadaye, mwaka 2004, makao hayo yalilazimika kwenda mahakamani kwa sababu shule za msingi za umma zilikuwa zikiwakataa watoto hao. Kumbuka kirusi chenyewe hakiambukizi kwa kukaa dawati moja wala kwa kuchangia kalamu. Kama tuliwafanyia hivyo watoto ambao hawamng'ati mtu, mzazi wa mtoto anayeng'ata ategemee nini?

Kisha kuna suala la anakopelekwa. Mwaka 2010 wagonjwa wa kifua kikuu walifungwa gerezani Kapsabet kwa kuacha dawa, eti ndiko kutengwa. Ikachukua hadi 2016 Mahakama Kuu kusema kwamba kumweka mgonjwa jela kwa jina la matibabu ni kinyume cha Katiba. Wakati wa Korona, Aprili 2020, watu walionekana wakiruka ukuta wa kituo cha karantini hapa mjini. Waliowekwa humo walikuwa wakidaiwa gharama za kila siku, na wengine waliingizwa kwa kosa la kuvunja kafyu, wala si kwa ugonjwa. Mei serikali ikasema italipa yenyewe, lakini kufikia hapo wengi mitaani walishaamua kwamba kupimwa ni kujitakia balaa. Na mwisho wa Machi mwaka huo huo, kule Kiamaiko, mtoto wa miaka 13 alipigwa risasi na polisi waliokuwa wakisimamia kafyu. Alikuwa kwenye roshani ya kwao. Mzazi anayekumbuka roshani ile, ukimwambia "mtoe tu, watamshughulikia", atakusikia vipi?

Jirani yangu fundi cherehani nilipomweleza hoja hii alikuwa akipinda suruali, hakuinua hata kichwa. "Mtoto ni wangu akiwa mzima," alisema, "akiumwa ndiyo awe wa serikali?"

Kwa upande huo, nimeshawishika. Tatizo langu ni kitanda.

Kwa sababu kumficha mtoto ni kazi yenye mikono, na tunajua mikono ni ya nani. Anayebadilisha shuka, anayefua, anayelisha kwa kijiko ni mama, au ni binti mkubwa. Mlipuko wa Ebola wa Afrika Magharibi, 2014 hadi 2016, uliua zaidi ya watu 11,000, na njia zake kubwa zilikuwa hizi za upendo: kumwuguza mgonjwa na kumwosha maiti. Virusi havikuhitaji watu wabaya. Baba wa filamu anasema yuko tayari kufa na mwanawe, na ukumbi unalia. Ukumbi haumuulizi kama binti mwingine naye yuko tayari. Katiba yetu, ibara ya 53, inasema masilahi ya mtoto yatangulie katika kila jambo linalomhusu. Mzazi ataisoma kwa sauti mlangoni. Mama wa chumba cha pili naye ataisoma, akiwa na wake mgongoni.

Halafu kuna jambo ambalo watetezi wa mzazi hulipita haraka: kuficha kunaweza kumuua huyo huyo anayefichwa. Ugonjwa wa kweli unaokaribia zaidi hadithi hizi ni kichaa cha mbwa. Huambukizwa kwa meno, hushika ubongo, mgonjwa akabadilika tabia, na dalili zikishaanza karibu hakuna anayepona. Ila kati ya jino na dalili huwa kuna nafasi, aghalabu mwezi mmoja hadi mitatu, na mtoto huokolewa katika nafasi hiyo: kidonda kioshwe kwa maji mengi na sabuni kwa dakika 15, kisha hospitali kwa chanjo. Shirika la Afya Duniani linakadiria kwamba takriban asilimia 40 ya wanaoumwa na wanyama wanaoshukiwa kuwa na kichaa ni watoto wa chini ya miaka 15. Wapo wanaonyamaza kwa kuogopa kuchapwa: alikatazwa kuchezea mbwa wa watu, akamchezea. Katika hadithi hizo mtoto huficha jeraha kabla mzazi hajaanza kuficha mtoto. Ukali wa nyumbani ndio unaomfundisha.

Mficha maradhi, walisema wahenga, kifo humuumbua. Methali hii hutupiwa wazazi kama jiwe. Lakini isikilize vizuri: inamwambia mgonjwa ajitokeze kwa sababu inaamini atakutana na mganga. Haikutungwa kwa ajili ya mtu anayesubiriwa getini na vijana wenye mawe na mlinzi mwenye rungu. Anayetaka kumsomea mzazi methali hiyo aanze kwa kuonyesha mganga yuko wapi.

Basi nasimama wapi? Ninatofautisha mambo mawili ambayo filamu huyachanganya makusudi, maana yakitenganishwa hadithi inakwisha dakika ya ishirini. Kubaki na mtoto ni jambo moja. Kudanganya korido ni jambo lingine. Mzazi akisema "mwanangu ameumwa, yuko humu, sitoki, msilete watoto upande huu, na huyu mwingine mchukueni akalale kwenu", sioni nani ana haki ya kuvunja mlango wake. Akisema "ni homa tu", huku jirani anaosha vyombo kwenye bomba lile lile, amewaingiza watu kwenye kifo bila kuwauliza, na uchungu wa uzazi haufuti hilo. Hata Sheria ya Afya ya Umma, Sura ya 242, kongwe na yenye makali ya kikoloni, imelipata hapo: humtia hatiani anayemtunza mgonjwa wa kuambukiza akamtoa mbele za watu bila tahadhari. Ila najua ninachomwomba mzazi. Namwomba aseme ukweli kwanza, sisi tuamue baadaye kama tutakuwa watu. Kwa rekodi yetu, hilo ni ombi la bei ghali, na sitamlaumu sana atakayelikataa. Nitamlaumu kiasi.

Kilichonisogeza kidogo ni picha kutoka Kongo. Katika mlipuko wa Ebola wa 2018, shirika la misaada ya matibabu la ALIMA lilitumia vyumba vya plastiki angavu, CUBE, badala ya mahema yaliyozibwa ambamo mtu aliingia kisha mkapokea habari za maziko. Daktari anaingiza mikono kupitia glavu zilizoshonwa ukutani. Mama anakaa nje, hatua moja hivi, mtoto anamwona, wanapiga soga.

Stima zilirudi saa tatu na nusu. Filamu ilikuwa imepotea, mtandao unazunguka tu, nikawaeleza watoto habari za chumba hicho. Mdogo akafikiri. Akasema sawa, anaweza kwenda, bora nikae mahali ambapo ataniona na nisilete sukuma. Mkubwa alikuwa ameshavuta godoro lake chini.