Zawadi ya Ikweta si Ile Tunayoisifia

Mazungumzo ya roketi yakizuka hapa Nairobi, hakosi mtu wa kusema kwamba Kenya imebarikiwa kwa kupitiwa na ikweta, kwa kuwa mzunguko wa Dunia huipa roketi kasi ya bure. Kauli hiyo ni ya kweli, ila ukweli wake ni mdogo kuliko shangwe zinazoifuata, na naona imetufanya tuipite faida iliyo kubwa zaidi bila kuitazama.

Kazi ngumu ya roketi si kupanda juu. Kituo cha Anga cha Kimataifa kiko kilomita 400 hivi kutoka ardhini, mwendo mfupi kuliko barabara ya Nairobi hadi Mombasa. Roketi inayofika huko na kuzima injini bila kasi ya kwenda kando itaanguka kama jiwe. Setilaiti hudumu angani kwa sababu inakimbia takriban kilomita 28,000 kwa saa, hata kila inapoanguka, uso wa Dunia nao unajipinda chini yake. Ndiyo maana roketi hupaa wima kwa muda mfupi tu ili kuivuka hewa nzito, kisha huinama polepole.

Kasi hiyo hupatikana kwa kutupa gesi nyuma. Wapo wanaodhani kwamba roketi huisukuma hewa, ilhali hewa huizuia tu. Shida ni kwamba mafuta yatakayochomwa mwishoni hubebwa na yale yanayochomwa mwanzoni. Mrusi Konstantin Tsiolkovsky alichapisha hesabu yake mwaka 1903, nayo haina huruma: ikiwa gesi inatoka kwa kilomita 3 kwa sekunde, kila kilomita 2 kwa sekunde unazotaka kuongeza zinakaribia kukuzidishia uzito wa kuanzia mara mbili.

Sasa turudi kwenye ikweta. Anayeshuka matatu kabla haijasimama hutua akiwa na kasi ya matatu, na roketi vivyo hivyo huondoka na kasi ya ardhi: kilomita 1,670 kwa saa kwenye ikweta, na kama 1,470 huko Florida. Tofauti ya 200 mbele ya 28,000 haifiki hata asilimia moja.

Faida kubwa iko katika mwelekeo. Roketi inayorushwa mashariki kutoka Florida huingia katika mzingo, yaani njia ya kuizunguka Dunia, ulioinama nyuzi 28 hivi kutoka ikweta, na kuunyoosha ulale juu ya ikweta ukiwa bado karibu na Dunia hugharimu takriban kilomita 3.8 kwa sekunde, karibu nusu ya kasi yote iliyokwisha kulipiwa. (Dereva aliyewahi kujaribu kukata kona ya Thika Road bila kupunguza mwendo ataelewa.) Kutoka Ngomeni, kaskazini mwa Malindi, nyuzi 3 kusini mwa ikweta, gharama hiyo karibu inatoweka. Kwa hiyo setilaiti ya Marekani ya kuchunguza mionzi ya eksirei, iliyohitaji mzingo wa ikweta ili kukwepa mnururisho uliotanda juu ya Atlantiki ya Kusini, ilirushwa huko na Waitaliano tarehe 12 Desemba 1970, nayo ikaitwa Uhuru.

Kwa sababu hiyo sikubaliani na wanaolalamika kwamba Taifa-1, setilaiti ya Kenya, ilirushwa kutoka California mwezi Aprili 2023. Mzingo wake hupita karibu na ncha za Dunia, na kwa safari ya namna hiyo kasi ya ikweta haisaidii. Kwa kweli ni mzigo kidogo. Swali linalonishughulisha ni jingine. Setilaiti iliyo juu ya ikweta, kimo cha kilomita 550 hivi, ingeipitia Kenya kila baada ya saa moja na dakika arobaini, usiku na mchana, na kuona mafuriko ya Tana yakipanda kati ya asubuhi na adhuhuri. Ningependa mjadala wa kujenga kituo cha kurushia roketi uanze na setilaiti ya aina hiyo, kabla ya kufika kwenye zege.