Kiti cha Nkambo

Chanzo cha yote ni uma. Mwaka 1928, kule Paris, André Kertész alipiga picha ya uma ulioegemea ukingo wa sahani, uma na kivuli chake, basi. Nilipoiona nikajisemea: uma hata sisi tunao. Mwaka 1930 Edward Weston, huko Marekani, aliiweka pilipili hoho ndani ya faneli ya bati ili mwanga uizunguke vizuri, na picha ikatoka kama mgongo wa mpiga ngumi. Nami nikafanya vilevile. Ila faneli yetu ni ya mafuta ya taa, na hoho ilikuwa ya mboga ya jioni. Mboga hiyo tulimpa mbwa wa jirani, naye alifikiri kwanza.

Ningeachia hapo. Sikuachia.

Tunakaa Kenya, ile mitaa ya Lubumbashi, Kongo, si ile nchi ya Nairobi. Jumapili moja Nkambo, ndivyo tunavyomwita bibi, alienda kusali Katuba, kiti chake cha mbao kikabaki karibu na dirisha, jua la asubuhi likikipiga ubavuni. Picha isiyo na rangi inaishi kwa kivuli, na pale kivuli kilikuwa cha bure. Juu ya kiti nikatandika kitambaa chake cha kijani, nikaweka miwani yake na kikombe chake chekundu cha bati. Chini, kandambili zake, moja imeelekea mlangoni. Nikapiga, nikatoa rangi, nikaiweka kwenye statusi ya WhatsApp na maneno mawili matatu: "Kiti cha Nkambo. Kimya." Umeme ulikuwa umekatika tangu usiku. Simu ikazima hapohapo, nami nikalala.

Nilichosahau ni hiki: nyumbani mwetu picha ya nyeusi na nyeupe ni moja tu, ya babu, aliyopigwa enzi za Union Minière, ile kampuni ya migodi, kabla ya 1967. Na babu ni marehemu. Ukoo wetu unajua kwamba rangi ikitoka kwenye picha, mtu ametoka duniani.

Niliamshwa na vilio. Mama mkubwa, ametoka Kipushi na teksi ya kukodi, alikuwa anagaagaa kwenye vumbi la uani: "Mama yeee! Umetuachia nani?" Nyuma yake shangazi wawili, gunia la makala, yaani makaa, unga, sukari. Vijana wa jirani walishaanza kufunga turubai. Mimi nilifanya nini? Nililia. Ukikuta watu wazima wanalia, unalia kwanza, maswali baadaye. Nililia vizuri hata mjomba akanishika bega: "Jikaze, weye ndiye uliyekaa naye." Nikaitikia kwa kichwa, huku najiuliza nilikaa na nani.

Saa tisa Nkambo akatokea na Biblia yake kwapani. Simu yake huwa anaizima kanisani na kuisahau hivyo mpaka Jumanne. Alipoona turubai mlangoni kwake, akaitupa Biblia, akaweka mikono kichwani na kulia kuwapita wote: "Yeee! Banalia nani? Nani alikufa?"

Hakuna aliyemjibu, kwa sababu hakuna aliyebaki. Mjomba, mtu wa kilo mia, aliruka ukuta ambao mimi sijawahi kuuruka. Shangazi mmoja alijaribu kupita dirishani akakwama kiunoni. Mama mkubwa peke yake hakukimbia, alikuwa amezimia.

Ilichukua muda. Simu ya shangazi ikazungushwa mkono kwa mkono, kila aliyeiangalia akaniangalia na mimi. Nkambo hakunigombeza. Alikalia kiti chake, akataka aambiwe nani amekuja, ameleta nini, na nani bado hajafika. Makala, unga na sukari akaamuru viingizwe chumbani kwake. Waombolezaji wakapikiwa bukari, yaani ugali, ya unga waliouleta wenyewe, wakala kimya.

Mwisho akanyoosha mkono apewe simu. Akavaa miwani. Akaitazama picha muda mrefu, nami moyoni nikasema, labda yeye ataelewa.

"Bwana yangu," akaniita, "kikombe changu kiko wapi?"

Nikainama kuangalia. Nyekundu juu ya kijani, ukishatoa rangi, zote mbili zimekuwa kijivu kimoja. Kikombe hakionekani hata mkono wake.

"Kunizika umenizika," akasema. "Na kikombe umeiba?"