Kabla hujasema simu imekwisha

Januari 2023 shangazi yangu alikuja Dodoma kutoka Mpwapwa na simu yake imeviringwa kwenye kipande cha kitenge. Ni Samsung Galaxy S5. Shangazi ni fundi cherehani, na wateja wake humtumia picha za mishono kwa WhatsApp, kwa hiyo simu kwake ni kifaa cha kazi kama mkasi. Asubuhi hiyo alikuwa amepita kwa fundi simu mmoja mjini, fundi akaiwasha, akaitazama inavyoganda, akamrudishia: "Mama, hii imekwisha. Tafuta nyingine."

Hakuifungua hata kifuniko cha nyuma.

Kioo cha simu ile kilikuwa kizima, kamera nzima, na betri yake ya 2800 mAh ilikuwa bado inamfikisha jioni. Sasa kilichokwisha ni nini? Neno hilo linaniuma kwa sababu nalisikia kila kona ya mji huu, na watu wanalipia. Mtu anayeshona gauni la shule kwa pesa ya kuhesabu anaambiwa atoe laki mbili au tatu kwa sababu ya tatizo ambalo halimo kwenye kifaa.

Galaxy S5 ilitoka 2014 ikiwa na mfumo endeshi, yaani programu kuu inayoiendesha simu, wa Android 4.4, ikapandishwa hadi 6.0.1, ikaishia hapo. Kivinjari cha Chrome nacho kiliacha kutoa matoleo mapya kwa Android 6 mwaka 2022, baada ya toleo la 106. Kuna jambo jingine ambalo wengi hawalijui. Kila tovuti salama huionyesha simu yako cheti, na simu hukilinganisha na orodha ya wadhamini inaowaamini. Orodha hiyo imo ndani ya mfumo endeshi. Let's Encrypt, inayotoa vyeti vya bure kwa mamilioni ya tovuti, ina mdhamini ambaye Android za chini ya 7.1.1 hazimjui kabisa. Kwa miaka kadhaa simu hizo zilivushwa kwa daraja la muda, na daraja hilo lilifika mwisho Septemba 2024. Simu iliyobaki na mfumo wa zamani ina bando, ina mtandao, lakini kivinjari chake kinakuambia tovuti hii si salama. Mwenye simu anadhani simu imechoka. Kumbe ni orodha tu iliyopitwa na wakati, na hakuna aliyekuja kuibadilisha.

Ndiyo maana nasema: ukiachwa na aliyekuuzia, una haki ya kuweka mfumo mwingine. Tena uuweke ndani, kwenye hifadhi ya simu yenyewe.

Nasisitiza ndani kwa sababu ushauri wa kwanza utakaoupata ni kujaribu kwenye memori kadi. Nimewahi kufanya hivyo kwa simu nyingine, nikiwa na postmarketOS, mradi ulioanza 2017 wa kuweka kwenye simu Linux, mfumo endeshi wa bure ulio maarufu kwenye kompyuta. Kwa kuonja, sawa. Kwa mtu anayeitegemea simu kila siku, hapana. Kadi ya daraja la 10 inaahidi kuandika megabaiti 10 kwa sekunde, wakati chipu za hifadhi ya ndani za miaka ile, aina ya eMMC 5.0, njia yake inapitisha hadi 400. Na kadi zetu hizi za mezani tunazijua: imeandikwa GB 64, ukiijaza inaanza kumeza picha. Kadi yangu ilikufa wiki ya tatu, mfumo ukaenda nayo.

Kwa shangazi nilichagua LineageOS 18.1, yaani Android 11. LineageOS ilizaliwa baada ya CyanogenMod, mradi wa Android mbadala uliotangulia, kufungwa Desemba 2016, na wanaoitunza ni watu wanaojitolea. Kabla ya kugusa chochote nilibonyeza *#06#, nikaandika IMEI, namba ya utambulisho wa simu, kwenye daftari. Hapa naomba unisikilize vizuri. Ndani ya hifadhi ya Samsung kuna sehemu ndogo inaitwa EFS. Humo ndimo zinamokaa taarifa za IMEI na za redio ya simu. Mfumo ukiharibika unaurudia. EFS ikifutika bila nakala, umebaki na saa ya mezani yenye kamera. Kwetu Tanzania hili si dogo: Juni 2016 TCRA, mamlaka ya mawasiliano, ilizizima simu zenye IMEI bandia, na mpaka leo ukituma IMEI yako kwenda 15090 unajibiwa kama simu ni halali. Kubadilisha IMEI ni kosa la jinai, kwa hiyo usije ukadhani fundi atakuandikia nyingine.

Nilianza kazi saa tatu usiku, nyumbani Nkuhungu, laptopu ikiwa imejaa chaji na simu juu ya asilimia 80. Umeme ukikatika katikati ya kuandika kwenye hifadhi ya ndani, usitegemee huruma. Kompyuta ikagoma kuiona simu. Nilikuwa na waya tatu, na mbili kati yake ni za kuchajia tu, hazipitishi data. Ya tatu nayo ikawa inashika na kuachia, mpaka nilipochukua kijiti cha meno nikachokonoa tundu la chaji. Lilitoka donge la vumbi jekundu, limeshikana kama tope kavu. Upepo wa Dodoma ulikuwa umekaa mle sijui miaka mingapi.

Baada ya hapo: kupunguza sauti, kitufe cha nyumbani na kuwasha, vyote kwa pamoja, ili simu iingie hali ya kupokea programu kutoka kwenye kompyuta, kisha kuongeza sauti ili kukubali. Nikaandika TWRP kwa kutumia Heimdall, programu ya bure inayofanya kwenye Linux kazi ya Odin, ile programu ambayo mafundi huitumia kuandika mifumo kwenye simu za Samsung. TWRP ndiyo rikavari, kijimfumo kidogo ambacho unasimama juu yake ili uubomoe ule mkubwa na kujenga mwingine. Sasa kuna mtego. Ukiiacha simu ijiwashe kawaida, mfumo wa zamani unaamka na kuirudisha rikavari yake, kazi yako inapotea. Dawa ni kuchomoa betri palepale, kuirudisha, kisha kushika kuongeza sauti, nyumbani na kuwasha ili uingie moja kwa moja kwenye TWRP. Kwa simu za leo zilizogundishwa betri hili huwezi, na mimi nahesabu betri inayochomoka kuwa moja ya vitu vizuri tulivyonyang'anywa.

Nakala ya EFS kwanza, nikaihamishia kwenye laptopu. Ndipo nikafomati hifadhi, nikaandika neno "yes" kukubali kwamba kila kitu kinafutika (picha za shangazi nilikuwa nimeshazitoa), nikaanza kurusha mfumo kupitia waya. Ikafika asilimia 47, ikasimama. Moyo ulipiga. Sikugusa kitu. Maelezo ya LineageOS wenyewe yanasema inaweza kusimama kwenye 47 na kazi ikawa imekamilika, na kweli ilikuwa imekamilika. Nikaongeza programu za Google kabla ya kuwasha, maana LineageOS haiji nazo, nikawasha, nikangoja ule mduara unaocheza kwenye kioo mpaka nikapika chai na kuinywa.

Saa sita na robo usiku simu iliuliza lugha. Nikachagua Kiswahili.

Sitaki kumdanganya mtu kwamba hakuna gharama. Programu za benki zinaweza kukataa kufunguka kwenye mfumo usio wa kiwandani. Kwa shangazi halikuwa tatizo, kwa sababu pesa zake zinapita *150*00# ya M-Pesa, na menyu ile haijali simu ina mfumo gani. Pia sehemu za ndani kabisa, kama programu inayoendesha redio ya mtandao, zinabaki zilezile za zamani, hazizibwi matundu tena. Simu ya waziri nisingeifanyia hivi. Ya fundi cherehani, ndiyo, bila kusita.

Kinachonisikitisha zaidi ni simu mpya. Jirani yangu bodaboda aliniletea yake aliyoinunua mwaka jana, inaganda tayari. Butiloda yake, ile programu inayoamka kabla ya mfumo, imefungwa, na msimbo wa kerneli yake, yaani maandishi ya programu ya kiini cha mfumo, haupatikani popote, ingawa kerneli ni Linux na leseni yake ya GPL inamtaka anayeisambaza atoe msimbo. Nyingi ya simu za bei yetu ziko hivyo. Sikuwa na la kumfanyia. S5 ya 2014 ilifunguka, yake ya mwaka jana haikufunguka, na hilo wanaosimamia biashara ya simu nchini wanapaswa kuliuliza kabla mzigo haujashuka bandarini.

Mafundi wetu nao nina ombi kwao. Kuflashi, yaani kuandika mfumo upya kwenye simu, mnajua, tena kwa kasi kuliko mimi. Ongezeni dakika tano: chukueni nakala ya EFS, mpeni mwenye simu mkononi. Ya shangazi nimeiweka mara mbili, moja kwenye laptopu yangu, nyingine kwenye flashi ndogo aliyoondoka nayo. Anaitunza Mpwapwa kwenye kopo la vifungo, chini ya cherehani.