Bando la Mkwe

Jina nililiona. Naanza na hapo, maana kila ninayemhadithia huuliza swali hilo hilo: "Sasa wewe hukuona jina kabla hujatuma pesa?" Nililiona, yakhe. Miwani niliiacha nyumbani juu ya friji, lakini jina nililiona, tena la mwanamke, majina matatu kamili kama yalivyo kwenye kitambulisho. Tatizo ni kwamba nimemuoa binti yake miaka kumi na moja, na siku zote hizo mimi mama yule namwita Mama, na kwenye simu nimemuandika Mkwe. Jina lake la serikalini nilikuwa silijui.

Ilikuwa Ijumaa, tarehe 2 Aprili 2021. Wenye kumbukumbu za machungu ya bando wanaijua siku hiyo. Tuliamka bei za vifurushi zimebadilika nchi nzima. Mimi na elfu mbili yangu ya kila wiki tulikuwa tunajuana: inaingia, inanipa MB zangu, naangalia mabao, natumia watu picha za urojo ambazo hawakuziomba, mpaka Alkhamisi jioni inakata roho. Siku hiyo nikajiunga asubuhi kama kawaida, na kabla ya sala ya Ijumaa imekwisha. Nikadhani simu imeingia mdudu.

Barazani kwetu Kikwajuni, Unguja, palikuwa kama pana msiba. Muuza kahawa kasimama na dele lake, hakuna anayenunua, kila mtu kainamia simu anapiga hesabu. Na uchungu zaidi ni kuwa siku hiyo hiyo ndiyo kanuni mpya za TCRA, mamlaka ya mawasiliano, zilianza kutumika, na zilikuwa kanuni nzuri: kifurushi kikishaidhinishwa kisibadilishwe wala kuondolewa ndani ya miezi mitatu, mteja ajulishwe akifika asilimia 75 ya matumizi na ajulishwe tena akimaliza, bando lililobaki aweze kumgawia mwenziwe. Kijana mmoja alikuwa anazisoma kwa sauti. Mzee wa pale, ambaye simu yake haina hata kamera, akamsikiliza mpaka mwisho, akasema: "Kwa hivyo wamempaka mgonjwa mafuta ya karafuu, kisha wakamkata mguu."

Hapo ndipo fundi simu wetu aliponivuta pembeni. Akaninong'oneza kuwa yuko mtu mtaa wa Amani anauza vifurushi kwa bei ya jana. Bei ya jana! Nikauona mtaa mzima unanionea wivu. Elfu ishirini, MB za mwezi mzima, mtu wa uhakika. Akanitajia namba, nikaihifadhi kwa jina la Mkubwa Bando.

Mimi ni seremala. Kidole changu cha gumba kimepigwa nyundo kiasi cha kutosha, kikigusa kioo cha simu kinafunika majina matatu kwa mpigo. Nikaingia kwenye pesa za simu, nikatafuta kwa herufi mbili za mwanzo, orodha ikaleta Mkubwa Bando, na chini yake, bega kwa bega, Mkwe. Nikagusa. Likaja jina la yule mwanamke, simu inaniuliza nathibitisha? Nikasema moyoni, aa, huyu laini kasajili kwa jina la mamake. Wengi walifanya hivyo ulipokuja usajili wa alama za vidole. Asiye na namba ya NIDA aliazima vidole vya mzee wake. Nikathibitisha, na nikajiona mjanja.

Ningeishia hapo ingekuwa hasara ya elfu ishirini tu. Lakini mfanyabiashara wa bei ya jana ni mtu wa kumshika mkono asikuponyoke. Basi nikaandika na ujumbe, nikautuma kwa kidole kile kile, kwa jina lile lile:

"Nimekutumia 20,000. Kila mwezi nitakuwa natuma kama hiyo. Bei ikipanda niambie tu, nitaongeza. Usinitupe."

Hebu usome tena ujumbe huo, ujifanye wewe ni mama mtu mzima wa Konde, Pemba, siku kumi na mbili kabla ya Ramadhani, na anayekuandikia ni mkwe ambaye katika miaka kumi na moja alikuletea kanga doti moja, nayo ilichuja.

Mimi huku nasubiri MB. Nusu saa, kimya. Saa, kimya. Nikampigia Mkubwa Bando, akasema hajaona kitu. Nikamwambia aangalie vizuri. Akasema kaangalia. Nikamwita mwizi mbele ya watu saba na muuza kahawa, nikamwambia mwizi wa simu ana nafuu kuliko yule anayejificha nyuma ya jina la mamake. Sikujua maana ya maneno yangu, na yeye hakujua, lakini yalimuuma, maana alikata.

Simu ikalia. Mkwe.

"Shikamoo Mama."

"Marahaba mkwe wangu, marahaba mwanangu." Sauti ina machozi. "Mungu akupe umri, akupe na wa kukutazama wewe kama ulivyonitazama mimi. Mjukuu kanisomea mara tatu. Nikamwambia, hebu rejea pale pa usinitupe. Mwanangu, akutupe nani wewe?"

Nikakaa chini, na nilikuwa tayari nimekaa.

"Nimeshazitoa," akaendelea. "Wakala wetu alikuwa anafunga kwenda kuswali, nikamuwahi."

Nikajibu "Amin" kama mara sita, nikakata.

Nilijaribu njia ya kisheria. Nikapiga huduma kwa wateja, bonyeza moja, bonyeza tatu, sikiliza muziki, pokea shukrani kwa uvumilivu ambao huna. Baada ya muda wa kuiva maharage akapokea dada mmoja mpole sana. Nikamueleza nimekosea muamala.

"Mpokeaji unamfahamu?"

"Namfahamu."

"Basi mpigie kwa utaratibu, muombe akurejeshee."

"Ni mkwe wangu. Mama yake mke wangu."

Kimya. Nilisikia feni ya ofisini kwao ikizunguka. Kisha akasema kwa sauti ya mtu anayetoa rambirambi: "Kaka, kuna jengine naweza kukusaidia?"

Nilipofika nyumbani nilikuwa nimeshajipanga kusema ukweli. Mlangoni nikapokewa na udi. Mezani pweza wa nazi, mwezi ambao pweza tulikuwa tunamsikia kwa majirani tu. Khabari zilikuwa zimeshavuka bahari bila ya boti. Mke wangu akanitazama kama alivyonitazama siku ya harusi, kabla hajanijua. "Kumbe unajua kuficha mema," akasema. Haya, mwanamme gani angefungua mdomo hapo isipokuwa kwa kutia tonge? Nikala. Na kila tonge nililomeza lilikuwa saini.

Wikiendi haikumalizika, serikali ikaingilia kati, bei mpya zikasitishwa, vifurushi vya zamani vikarudi. Barazani watu wakapongezana kama wamefunga bao. Kilio cha wananchi kilikuwa kimesikika, wananchi wote isipokuwa mmoja.

Mtu pekee niliyempa ukweli wakati ule ni mtoto wa ammi yangu aliyeko London, kwa sababu yuko mbali na watu wa Konde. Alicheka mpaka akakohoa. Alipotulia akaanza kunipa elimu, maana watu wa London hawawezi kukuacha ukafa mjinga. Kule, akasema, simu wengi wanachukua kwa mkataba, miaka miwili mara nyingi, na bei inapanda katikati ya mkataba kila ifikapo machipuko. Kampuni kadhaa zina kanuni yao: wanachukua mfumuko wa bei wa Desemba, wanaongeza asilimia 3.9 juu yake. Mwaka ule ilikuwa asilimia 4.5 na watu walinung'unika. Hawakujua linalokuja: mwaka 2023 hesabu ile ile ilitoa asilimia 14.4.

"Si mvunje mkataba?" nikamwambia.

"Ukivunja unalipa miezi iliyobaki. Ikiwa nyongeza haikuandikwa kwenye mkataba, hapo una siku thelathini za kuondoka bure. Ikiwa imeandikwa, umefungwa. Wewe wako umeandikwa?"

"Umeandikwa."

"Na nani?"

"Na mimi."

"Kuhusu nyongeza unasemaje?"

"Bei ikipanda niambie tu, nitaongeza."

Alikaa kimya kidogo. "Sisi huku walau wana asilimia," akasema.

Mkwe wangu ni mtu muaminifu, hakuniambia bei imepanda mpaka ilipopanda. Alinipigia kabla ya Idi. "Mkwe wangu, ulisema bei ikipanda nikwambie." Nikaambiwa ya unga wa ngano, ya sukari, ya mafuta ya kula. Ikawa elfu ishirini na tano. Tarehe 15 Julai ikaingia tozo ya miamala, inakata ukituma na inakata ukitoa, na nchi nzima ikajifunza upya maneno "tuma na ya kutolea." Mkwe naye akapiga. "Mwanangu, elfu ishirini na tano inafika hapa imechoka." Ikawa thelathini. Septemba serikali ikapunguza tozo ile kwa asilimia 30, nikasema leo nami nitapumua. Nikampigia mwenyewe, kwa furaha, kumpa khabari njema.

"Alhamdulillahi," akasema. "Basi hiyo iliyopungua nitakuwa nanunulia vocha, niweze kukupigia."

Kwa hivyo nikawa nalipia na simu za kunijulisha kuwa bei imepanda. Na ujue hakuna ile taarifa ya asilimia 75. Mkwe anakujulisha kwenye mia.

Nikipeleka malalamiko barazani (kwa mafumbo, "kuna rafiki yangu mmoja…") yule mzee asiye na kamera alikuwa na dawa moja tu. "Tokea 2017 mtu anahama mtandao na namba yake anabaki nayo. Mwambie rafiki yako ahame." Watu wakacheka, maana walimuelewa. "Au aongeze laini ya pili, dini inaruhusu mpaka nne." Nikamwambia laini mbili ni wakwe wawili. Akafikiri, akanywa kahawa yake, akasema kweli, hilo hakuliangalia.

Lakini nisiwe mtovu wa fadhila. Bando halijawahi kunitumia halua. Mkwe, kila baada ya miezi miwili, boti ikitoka Wete nina mzigo: halua ya Wete kwenye kikapu chake, nazi, mkungu wa ndizi, mara moja jogoo mzima aliyefika bandarini Malindi kakasirika kuliko mimi. Mchukuzi namlipa mimi, bila shaka. Siku ya jogoo mchukuzi alitaka na nyongeza, na sikumlaumu, alikuwa anavuja damu.

Mwaka jana yule wa London akanipigia kwa shangwe. Kwao Ofcom, ambao ndio kama TCRA yao, wamekataza mambo ya kupandisha kwa kufuata mfumuko wa bei. Kwa mikataba mipya kuanzia tarehe 17 Januari 2025, nyongeza lazima itajwe mapema kwa pauni na peni, mtu ajue tokea siku ya kwanza atalipa ngapi na lini. Nikaona hapa pana mwanga. Ramadhani ilikuwa inakaribia, na Ramadhani kwangu ndiyo machipuko. Nikapanda boti mpaka Pemba, nikiwa na kanga doti mbili, za rangi ya kudumu.

Baada ya chai nikakohoa. Nikasema: "Mama, Uingereza huko wamepitisha kanuni. Mambo ya bei wanataka yatajwe mwanzoni, kwa pesa taslimu, mtu asishitukizwe."

"Vizuri sana," akasema. "Hata mimi sipendi mtu kushitukizwa."

Akainuka, akaingia ndani. Nikamsikia anafungua kasha. Akarudi na kitochi cha zamani, kimefungwa raba mbili, cha betri kuvimba. Pembeni yake akaweka chaja. Akaniambia simu hii haipigi wala haipokei tena, laini ameshahamishia kwenye nyengine, lakini haitupi, maana ndani yake mna ujumbe mmoja. Mjukuu aliyekuwa akimsomea yuko Chake Chake, skuli ya bweni, ana miezi hajausikia.

Akaichomeka. Tukasubiri iwake, mimi na yeye, tumekaa juu ya mkeka kama watu wanaosubiri mwezi uandame. Ikawaka. Akanipa.

"Nisomee wewe mwenyewe, mwanangu. Pale pa usinitupe."

Safari hii miwani nilikuwa nayo. Nikaivaa, nikasoma. Sauti ilinikwama kidogo, na sijui ilikwama kwa nini. Mkwe akajifuta macho kwa ncha ya kanga mpya.

"Na pale pa bei," akasema, "usiparuke."