Dharura ya mwaka 1979 haijaisha mpaka leo

Novemba 14, 1979, siku kumi baada ya ubalozi wa Marekani mjini Tehran kuvamiwa, Rais Jimmy Carter alitia saini amri namba 12170 na kuzuia mali zote za serikali ya Iran zilizokuwa ndani ya uwezo wa sheria za Marekani. Zilikuwa takribani dola bilioni 12. Mateka 52 waliachiwa Januari 1981. Carter mwenyewe alifariki Desemba 2024. Dharura aliyoitangaza ingali hai, na kila Novemba rais aliyepo huiongezea mwaka mmoja.

Na vikwazo vyenyewe sina ugomvi. Zipo serikali zinazostahili kubanwa. Ninachopinga ni rais mmoja kuweza kuvianzisha kwa saini ya asubuhi moja, kisha vikadumu miaka zaidi ya arobaini bila Bunge kulazimika kuvipigia kura.

Sheria inayompa nguvu hizo ni IEEPA ya Desemba 1977, yaani Sheria ya Mamlaka ya Kiuchumi Wakati wa Dharura ya Kimataifa. Inamtaka aseme kwamba kuna tishio kubwa, lisilo la kawaida, ambalo lote au sehemu yake kubwa linatoka nje, dhidi ya usalama, mambo ya nje au uchumi wa Marekani. Akishatangaza dharura anatoa amri, analiarifu Bunge, na amri inachapishwa katika gazeti la serikali. Kuanzia hapo kazi ni ya Wizara ya Fedha, kwenye ofisi iitwayo OFAC (Ofisi ya Udhibiti wa Mali za Kigeni), ambayo hutunga kanuni, hutunza orodha ya waliozuiwa na kutoa leseni. Dharura hufa yenyewe baada ya mwaka, isipokuwa rais atangaze kuiendeleza ndani ya siku 90 kabla ya tarehe hiyo. Tangazo hilo ni aya chache tu. Soma ya miaka mitatu mfululizo kuhusu nchi moja utaona maneno ni karibu yaleyale.

Kinachokera ni kwamba Bunge lilishaliona tatizo hili. Mwaka 1973 kamati ya Seneti ilibaini kuwa dharura nne bado zilikuwa na nguvu, mojawapo ya Franklin Roosevelt ya 1933. Ndipo ikapitishwa Sheria ya Dharura za Kitaifa ya 1976: Seneti na Baraza la Wawakilishi, vyombo viwili vya Bunge, vingeweza kufuta dharura kwa azimio lao, bila saini ya rais. Mwaka 1983, katika kesi ya Chadha, Mahakama ya Juu ikasema maazimio ya namna hiyo yanavunja katiba. Sasa azimio lazima lipite kwa rais, naye ana kura ya turufu, na kuishinda kunahitaji theluthi mbili katika kila chombo. Machi 2019 njia hiyo ilijaribiwa kwenye dharura aliyoitangaza Donald Trump kuhusu mpaka wa Mexico: Trump alitumia turufu, na Baraza la Wawakilishi likaambulia kura 248 dhidi ya 181. Hazikutosha. Sheria hiyohiyo inavitaka vyombo vyote viwili vikutane kila miezi sita kutafakari kama dharura iendelee. Kwa kawaida havifanyi hivyo.

Huku kwetu ipo mifano miwili. Novemba 2015 Barack Obama alitangaza dharura kuhusu Burundi kwa amri 13712. Waliotajwa mwanzoni walikuwa wanne: Bunyoni na Bizimana wa upande wa serikali, Niyombare na Ndayirukiye wa upande wa jaribio la mapinduzi. Joe Biden aliifuta Novemba 2021. Ya Congo, iliyotangazwa na George W. Bush Oktoba 2006, bado inaongezwa. Mtoto aliyezaliwa Bukavu mwezi ule sasa ana umri wa kupiga kura. Ndiyo iliyotumika Februari 2025 kumwekea vikwazo James Kabarebe, aliyekuwa waziri nchini Rwanda.

Wanaodhani mambo haya ni ya wakubwa tu waangalie jinsi malipo yanavyosafiri. Mfanyabiashara wa Kariakoo analipa kampuni ya Dubai kwa dola. Benki yake haiwezi kulipa dola peke yake. Inapitisha malipo kwa benki wakala, yaani benki ya New York inayoilipia. Kampuni ile haimo kwenye orodha ya OFAC, lakini asilimia 30 ni ya mtu aliyemo na asilimia 20 ni ya mwingine aliyemo. Jumla ni 50, kwa hiyo kampuni yote inahesabiwa imezuiwa. Fedha hazirudishwi: zinawekwa kwenye akaunti yenye riba, OFAC inaarifiwa ndani ya siku 10 za kazi, na kuzitoa kunahitaji leseni. Kama kosa lingekuwa marufuku ya biashara bila mtu aliyezuiwa kuhusika, malipo yangekataliwa tu na fedha zikarudi. Ambaye fedha zake zimezuiwa asipoteze muda kugombana na benki yake ya Dar es Salaam. Haina uwezo wa kuzifungua. Faini ya kiraia ni zaidi ya dola 370,000 kwa kosa au mara mbili ya muamala, ipi kubwa, na kutokujua si utetezi. Ndiyo maana benki huogopa hata kivuli, na wateja wa Congo na Somalia hufungiwa akaunti ingawa hakuna kikwazo kinachowahusu.

Serikali nzima ikiguswa, kiasi ni kikubwa zaidi. Februari 2022 Biden alizuia takribani dola bilioni 7 za benki kuu ya Afghanistan zilizokuwa New York. Nusu yake ilihamishiwa kwenye mfuko ulioundwa Geneva. Hizo zilikuwa akiba za nchi, na uamuzi ulikuwa wa ofisi moja.

Dawa imeshapendekezwa: mwaka 2019 seneta Mike Lee alileta muswada wa kuifanya dharura ife baada ya siku 30 Bunge lisipoipitisha. Muswada wake uliziacha nje dharura zinazotegemea IEEPA peke yake, yaani vikwazo hivi hasa. Mimi ningevijumuisha, na nyongeza ya kila mwaka nayo ipigiwe kura. Wapinzani husema Bunge ni zito, na mali zitatoroshwa. Lakini kuzuia huanza saa ileile rais anapotia saini. Mwaka 1979 fedha za Iran zilikuwa zimeshashikwa siku ya kwanza. Siku 30 za mjadala zisingeachilia hata dola moja.