Luca Giordano na alama ya Dürer: kipaji au utapeli?

Kuna kisa cha Napoli ambacho ukikisikia mara ya kwanza unacheka, ukikaa nacho kidogo unaanza kujiuliza. Mchoraji Luca Giordano, mzaliwa wa pale pale mwaka 1634, alichora Yesu akimponya kiwete mwaka 1653, ila alichora kama Albrecht Dürer, Mjerumani aliyekufa tangu 1528, na akamalizia na ile alama yake, A kubwa imeikalia D. Jina lake mwenyewe akalificha pembeni. Bernardo De Dominici, aliyeandika maisha ya wachoraji wa Napoli miaka ya 1740, anasema aliyeingia mkenge akainunua kama ya Dürer ni mkuu wa monasteri ya San Martino, mzee aliyekuwa anatamba kwamba hadanganyiki kwa picha, basi alipoonyeshwa lile jina akakimbilia mahakamani, na mahakama ikasema kijana hana kosa kwa kuchora vizuri kama Dürer. De Dominici hakosi chumvi, lakini picha ipo na alama ya Dürer ipo.

Wanaomtetea wana hoja nzito. Enzi hizo kukopi wakubwa ndo ilikuwa shule yenyewe, Rubens, yule mchoraji wa Flanders, alikaa Italia kuanzia 1600 hadi 1608 akichora kazi za Michelangelo na Titian mpaka basi, na ule mchoro wake wa mapigano ya Anghiari, picha ya Leonardo da Vinci, ulioko jumba la makumbusho la Louvre, ndo unatusaidia leo kuona wale farasi wa Leonardo wanavyong'atana, maana picha yenyewe ya ukutani ilishapotea. Nani anamwita Rubens mwizi? Halafu Michelangelo naye si malaika, ujanani alichonga Kupido, mungu wa mapenzi wa Warumi, akiwa amelala, likazeeshwa lionekane sanamu la kale, likauzwa Roma kwa kardinali Riario.

Sawa, ila Rubens hakuandika jina la Leonardo akaenda kuuza. Na hii ya kusema eti watu wa zamani hawakujua mipaka siikubali, kwa sababu Vasari, aliyeandika maisha ya wasanii wa Italia, anaeleza kwamba Dürer mwenyewe alilalamika Venisi kuhusu Marcantonio Raimondi, aliyekuwa anachapa kopi za kazi zake na alama juu, na wakubwa wa mji wakakataza alama tu, michoro wakaiacha. Yaani zaidi ya miaka mia kabla ya Giordano kuzaliwa mstari ulishachorwa, na ulihusu alama hiyo hiyo!

Kuna wanaosema lile jina lililofichwa linaonyesha ulikuwa utani. Nusu nakubali, feki wa kweli anaomba Mungu asigundulike milele, huyu alitaka sifa. Lakini utani unaosubiri hela iingie kwanza mi naona una walakini, na mahakama kama kweli ilisema vile basi ilijibu swali ambalo hakuna aliyeuliza, mzee hakulalamika kwamba picha mbaya.

Kitu kingine, wapo wanaosema mtu anayeiga kila mkono hana wake. Hapo wanamwonea. Dari la Palazzo Medici Riccardi kule Firenze alilolichora miaka ya 1680, lile anga lililojaa mwanga na watu wanaoelea, halina Dürer ndani yake wala Ribera aliyemfundisha. Ila ukweli sifa ya kuiga ilimganda, Palomino, mwandishi Mhispania wa maisha ya wachoraji, anasimulia kwamba kule Hispania, alikokuwa kwa mfalme Carlos wa Pili kuanzia 1692, mfalme alisikitika kwamba picha yake moja ya Bassano, mchoraji wa Italia, haina pacha, na Giordano akamchorea, sasa mtu karibu miaka 60 na jina lote lile bado anachora Bassano!

San Martino wenyewe hawakumsusa, mwaka 1704 amewachorea dari la kanisa dogo la hazina. Kwa hiyo picha ya 1653 sina shida nayo, hata alama ningeisamehe kwa umri ule, ila hela ya mzee angerudisha.