Povu Lililowahi Swala ya Ijumaa

Kwa kuwa rafiki yangu niliyemchukua anisaidie kubeba ndoo alikwisha kulisimulia jambo hili kwenye kijiwe cha kahawa cha Ngamiani, hapa Tanga, kabla hata mimi sijamaliza kusuuza zulia lenyewe, nimeona ni afadhali nanyi mlipate kutoka kwa aliyekuwa ameshika mashine ya kusafishia mazulia. Wenyeji mnajua jinsi habari inavyopanda mabarabara yetu ya namba. Kwenye Barabara ya 4 mashine ilikuwa imetoa povu tu. Kufika Barabara ya 9 ilikuwa imelipuka. Nami nilipopita Barabara ya 13 jioni ile kwa baiskeli, mama mmoja muuza maandazi alinipa pole ya kuungua. Sikuungua. Wala sikukimbia, kama inavyodaiwa. Nilikwenda kwa hatua ndefu kuita vijana wa kunyanyua zulia.

Mashine yenyewe wengi mmeiona, ile ya matangi mawili: tangi la maji safi yenye sabuni, ambayo pampu huyanyunyizia ndani ya zulia, na tangi la maji machafu, ambayo mota ya kunyonya huyavuta palepale kabla hayajazama hadi sakafuni. Naitunza kuliko ninavyojitunza mwenyewe. Kila jioni namwaga maji machafu, nazungusha maji matupu kwenye pampu ili sabuni isigandie kwenye matundu ya kunyunyizia, natoa nywele na nyuzi kwenye kichujio, kisha naacha mfuniko wazi ili tangi likauke lisinuke. Nayasema haya mapema msije mkadhani ni uzembe ulioniponza. Kilichoniponza ni ubahili.

Sabuni inayofaa mashine hizi ni ile isiyotoa povu jingi, nayo ilikuwa imeniishia tangu Jumatano, pamoja na dawa ya kuua povu ambayo huwa natia kidogo kwenye tangi la maji machafu. Nikapiga hesabu ya bei ya chupa mbili, nikatazama mfuko wa sabuni ya unga ya kufulia uliokuwa umefunguliwa jikoni kwa mama, nikaona sabuni ni sabuni. Nikatia vikombe vitatu. Ndiyo, vitatu, wale mnaofanya kazi hii mnaweza kuacha kusoma hapa, kwa maana yaliyobaki mmekwisha kuyajua.

Kazi ilikuwa Chumbageni, kwa mwalimu wangu wa sayansi wa darasa la sita, ambaye amestaafu lakini jicho lake bado liko kazini. Nilimwamkia shikamoo, akaitikia marahaba, akaniuliza kama siku hizi naandika tarehe kwenye daftari. Zulia jekundu lilifunika sebule nzima. Mume wake alikuwa ameketi kwenye kochi la pembeni, mguu juu ya mguu, saa nne asubuhi, amekwisha kuvaa kanzu nyeupe iliyopigwa pasi na kofia ya viua, kwa sababu ni mtu wa kuwahi safu ya mbele kila Ijumaa. Nilimwomba ahamie barazani. Akasema nisijali, yeye hatanisumbua. Nikaiweka mashine karibu na soketi bila kutazama matundu yake ya kutolea hewa yameelekea wapi.

Yalikuwa yameelekea kwenye kochi.

Sasa naomba twende polepole, maana hapa ndipo rafiki yangu huruka, akakimbilia kwenye mlipuko ambao haukuwapo. Mistari minne ya kwanza ilitoka vizuri mno, wekundu ukarudi, Mwalimu akaguna kwa kuridhika akaingia jikoni. Mfuniko wa mashine una kioo cha plastiki, na ndani yake nikaona povu linapanda. Sikushtuka. Kwa kawaida maji yakijaa, boya dogo hupanda nayo likaziba njia ya hewa, mlio wa mota ukawa mwembamba, nawe ukajua kuwa wakati wa kumwaga umefika. Nikawa nausubiri mlio huo. Povu likafika nusu ya tangi. Likafika juu, likajibana kwenye kioo kama maziwa yaliyosahauliwa jikoni. Boya nililiona kwa macho yangu mawili: limelala chini kabisa, halina habari na dunia. Na mlio haukuwa mwembamba hata kidogo. Ulizidi kuwa mzito, wenye majimaji, kama mtu anayesukutua.

“Kaka, hiyo inakoroma,” rafiki yangu akasema.

Nikamjibu kwa sauti ya fundi, nikihakikisha mzee ananisikia, kwamba ndivyo inavyofanya inapokolea kazi.

Povu la kwanza lililotoka nje halikuzidi ukubwa wa yai la kuku. Lilikuwa na rangi ya chai ya maziwa, nalo likatua taratibu kwenye mkono wa kochi. Mzee akalitazama. Mimi nikalitazama. Pana kitambo hapo, pengine sekunde tatu, ambapo swichi ilikuwa karibu na mguu wangu wa kulia, na sekunde hizo tatu nilizitumia kutabasamu. Kisha mashine ikakohoa. Vumbi la miaka yote ya zulia lile likatoka kwa mkupuo mmoja, likapaa, likatanda juu ya kanzu kuanzia darizi ya shingoni hadi magotini, na bonge la mwisho, ambalo lilionekana kama limechelewa na linatafuta nafasi, likatua juu ya kofia likasimama.

Mzee hakusogea. Alivua miwani, akaipangusa kwa kidole gumba, kioo kimoja kisha cha pili, akaivaa tena, akasema kwa upole ambao hadi sasa unaniamsha usiku:

“Mwanangu, zulia ni hilo lililo chini.”

Rafiki yangu aliketi juu ya ndoo akatoa machozi. Mimi nikachomoa waya. Mwalimu akatoka jikoni, akamtazama mumewe, akatazama kioo cha mashine, akaniuliza swali moja tu: kwa nini boya halikupanda? Nina miaka 34, nimeshika mpira unaodondosha maji juu ya viatu vyangu, na mikono yangu ikajipeleka yenyewe nyuma ya mgongo.

“Limeharibika, Mwalimu.”

“Limeharibika!” Akachota povu kwa kiganja, akalipuliza likatawanyika. “Hii ni hewa iliyovikwa utando wa maji. Itabeba nini? Boya hubebwa na maji. Tulilisoma hili, nawe ulikuwa unakaa dirishani.”

Yaliyofuata hayana utamu. Mzee alibadilisha kanzu akakuta safu ya mbele imejaa. Vijana wanne walinisaidia kulitoa zulia uani, rafiki yangu akiwa amekwisha kupotelea kwenye kahawa, nikalisuuza kwa mpira wa maji hadi alasiri, kwa sababu sabuni ikibaki kwenye nyuzi hunasa uchafu upya. Mpaka sasa linaning’inia ukutani na halijakauka. Fundi ameifungua mota, amekuta povu limepita hadi ndani, anaikausha bila kuniahidi kitu. Kanzu ninaifua mimi, kwa mkono. Malipo sijapewa wala sijayataja.

Leo asubuhi nimekwenda kununua dawa ya kuua povu. Muuzaji, kijana ambaye sikuwahi kumwona, aliniuliza kama mimi ndiye yule wa kanzu. Nikamwambia si mimi, nahitaji chupa moja. Akanifungia mbili.